Bondo, Gundi au Jelatini? Uhakiki wa Visawe vya Neno Isinglass katika Kiswahili cha Mpakani

Makala haya yanahakiki visawe vitatu vya neno la Kiingereza isinglass: ‘gundi ya samaki’, ‘jelatini ya samaki’ na ‘bondo’. Hoja yetu ni kwamba kila kimoja hutaja kitu tofauti, na kwamba tofauti hiyo ina uzito katika kituo cha mpakani cha Kobero, Butihinda, ambako nyaraka za Kifaransa na za Kiingereza hukutana.

Umbo la isinglass linapotosha. Asili yake ni Kiholanzi cha kale, huysenblas, yaani kibofu cha samaki aitwaye huso; Waingereza waligeuza kiishio chake kikafanana na neno lao la kioo. Baadaye jina hilo lilipewa pia madini ya ulanga, ambayo tabaka zake hupitisha nuru. Mfasiri asiyezingatia muktadha aweza kuandika ‘ulanga’ mahali pa zao la samaki.

Kifaransa kina ichtyocolle, kutokana na maneno ya Kigiriki ya ‘samaki’ na ‘gundi’, na colle de poisson, linaloweza kuzaa ‘gundi ya samaki’. Kisawe hiki kina hatari. Katika mapishi ya Kifaransa, jina hilo limebaki kwa karatasi za jelatini ambazo leo aghalabu hutokana na nguruwe. Mlaji Mwislamu wa Muyinga akisoma ‘samaki’, atakuwa amehadaiwa na tafsiri.

‘Jelatini ya samaki’ nayo ni pana mno. Jelatini ni kolajeni iliyovunjwa kwa joto, na ile ya samaki hupatikana hasa katika ngozi na mifupa. Isinglass ni kolajeni ya kibofu cha hewa, itumikayo kung’arisha bia na divai.

Lipo ‘bondo’, neno la wavuvi na wafanyabiashara wa Ziwa Viktoria kwa kibofu cha hewa cha sangara, ambacho hukaushwa na kuuzwa hadi Hong Kong. Mrundi hatalipata geni sana, kwani jamaa za sangara wamo katika Ziwa Tanganyika, naye huwaita sangala. Hata hivyo, bondo ni kiungo, si zao lililosindikwa. Mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa za forodha nao huvitenga: mabondo ya kuliwa yamo katika 0305.72, isinglass katika 35.03. Kuviita kwa jina moja ni kuchanganya vifungu viwili vya ushuru.

Tunapendekeza ‘bondo’ libaki kwa kiungo, ‘kolajeni ya bondo’ litumike kwa isinglass, ‘jelatini ya samaki’ kwa zao la ngozi na mifupa, na ‘gundi’ kwa kigandishi kisicholiwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kuyasanifu maneno haya pamoja na maofisa wa forodha, ili Kiswahili kisirithi makosa ya lugha mbili kwa mpigo.