"Haya ni maoni tu"

Mwaka jana nilirudishiwa tasnifu yangu ikiwa na maneno matano ya wino mwekundu pembeni: "Haya ni maoni tu. Uchambuzi?" Nilikuwa nimewahoji mabibi wanane kijijini kwetu juu ya ngano za Sungura, nao wakaniambia kwa sauti moja kwamba Sungura si shujaa hata kidogo, ni mwizi aliyelelewa vibaya. Mimi niliyefundishwa darasani kwamba Sungura ni mnyonge anayemshinda mwenye nguvu, nikayaandika yalivyo. Msahihishaji hakupendezwa. Basi nauliza: hivi, katika utafiti usio wa takwimu, neno la mhojiwa lina uzito gani?

Ndugu msomaji, kabla hujaenda uwandani itafute makala ya Laura Bohannan, mwanaanthropolojia wa Marekani, iliyotoka mwaka 1966 kwa jina la Shakespeare in the Bush. Bohannan aliishi na Wativ wa Nigeria. Mvua imefunga shughuli, wazee wanakunywa pombe tangu asubuhi, wanamdai hadithi. Akawasimulia Hamlet, akiamini kuwa maana yake ni ile ile popote duniani. Wapi! Mzimu wa baba? Maiti hatembei, hiyo ni ishara iliyotumwa na mchawi. Claudius kumwoa mjane wa nduguye? Kafanya vyema. Ophelia kuzama? Maji peke yake hayaui mtu. Karogwa na kaka yake, Laertes.

Je, maoni hayo ni halali? Kama tunatafuta alichokusudia Shakespeare, la hasha. Lakini kama tunataka kujua hadithi inafanya nini ikifika kwa watu wenye ndoa, mizimu na madeni ya namna nyingine, hakuna ushahidi unaoyapita. Dai la mtafiti mwenyewe ndilo lililoanguka, na walioliangusha ni watafitiwa. Kuyaita "maoni tu" ni kukataa kuona kilichotokea.

Mimi hunivutia zaidi mke wa mzee, anayeingia na mfuko wa ngozi ya mbuzi. Bohannan anasema kwao mjane angesubiri miaka miwili. Mama yule anapinga: muda wote huo nani atakulimia? Huyo hatoi nadharia ya tamthilia, anasema kutoka kwenye jembe lake, na kwa jambo hilo yeye ndiye mjuzi kuliko sisi wenye vitabu.

Hata hivyo anasema mara moja tu, kisha wazee wanaendelea. Vijana na wake wengine walionaje? Hatujui, tunachopata ni kile kilichopita kwenye kalamu ya Bohannan, baraza likiongozwa na mwenye nyumba.

Na hapo ndipo nilipojikuta nimeshikwa. Mabibi wangu wanane niliwahoji pamoja, chini ya mwembe mmoja, na wa kwanza kujibu alikuwa mkubwa wao kwa umri. Ile "sauti moja" niliyojivunia niliitengeneza mwenyewe. Msahihishaji angeniuliza hilo, ningemshukuru.

Mwezi wa nane nilirudi, nikawahoji mmoja mmoja. Bibi wa tatu alirudishia mlango kwanza, kisha akacheka: "Mjukuu wangu, mimi Sungura nampenda sana. Ila siku ile yule dada alikuwa ameshasema."