Kitabu cha Mapishi na Jiko la Pamoja: Sifa za Ufundi Mmoja mjini Kampala

Upishi wa kufuata maandishi ni ufundi wa aina yake. Mtoto anayejifunzia kupika jikoni kwa nyanya yake huona, hunusa, hutumwa na hukosolewa papo hapo, na kwa miaka kadhaa mikono yake huzoea mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza kwa maneno. Lakini anayepika kwa kufuata kitabu hupokea maelekezo ya mtu asiyekuwepo, ambaye haulizwi swali wala haonji kilichopikwa. Klabu ya vitabu vya mapishi, yaani kikundi cha watu wanaochagua kitabu kimoja, wakagawana mapishi yaliyomo, wakapika, kisha wakakutana kula na kusahihishana, ndiyo njia bora ya kuziba pengo hilo. Hoja ya insha hii ni kwamba pishi lililoandikwa, maana yake maelekezo ya kuandaa chakula fulani, halikamiliki mpaka lipikwe na watu kadhaa wanaoweza kuambizana ukweli kuhusu ladha yake, na kwamba Kampala, mji ambako vyakula vya pembe zote za Uganda hukutana sokoni lakini ni mara chache hukutana katika jiko moja, unauhitaji sana ufundi huo.

Msingi wa kazi hiyo umekwisha kujengwa. Katika Buganda kuna vikundi vya kusaidiana viitwavyo munno mukabi, ambavyo wanachama wake huchangishana fedha, hununua masufuria makubwa, sahani na mahema, na hujitokeza kumpikia mwenzao anapofiwa au anapofanya sherehe. Kuna pia nigiina, mikutano ya wanawake wa mjini ambao humtembelea mwenzao mmoja kwa zamu, wakamtunza kwa zawadi au fedha, wakala na kusherehekea naye. Watu waliozoea taratibu hizi hawahitaji kufundishwa namna ya kupangiana zamu, kutunza daftari la michango au kugawana kazi za jikoni. Kinachoongezwa na klabu ya mapishi ni kusudi jipya: katika munno mukabi watu hupika wanachokijua ili kumfaa mwenzao, lakini katika klabu hupika wasichokijua ili wote wajifunze.

Ugumu wa kujifunza kutoka kitabuni huonekana mara tu kitabu kilichoandikwa mbali kinapofunguliwa Kampala. Pishi linalotaja ndizi bila kufafanua humwacha msomaji wa huko njia panda, kwa kuwa mbele yake sokoni Nakasero au Kalerwe kuna matooke, ndizi za kupika za nyanda za juu zenye aina nyingi kama kibuzi, mbwazirume, nakitembe na mpologoma. Kuna gonja, ambayo huchomwa au kukaangwa. Kuna bogoya na ndiizi, ambazo huliwa zikiwa mbivu. Na hakuna mojawapo inayoweza kushika nafasi ya nyingine bila chakula kubadilika. Pishi linaloagiza oveni yenye joto maalumu halimfai anayepikia sigiri, yaani jiko la makaa, ambalo moto wake hudhibitiwa kwa kuongeza au kupunguza makaa, kwa kufunika kaa kwa majivu na kwa kufungua au kuziba mlango wa hewa. Hata maji yenyewe hayakubaliani na kitabu, kwa sababu Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na huko maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 za Selsiasi badala ya 100, na hivyo maharage yanayoiva kwa muda fulani Mombasa au Dar es Salaam huhitaji muda mrefu zaidi Kampala.

Tatizo la vipimo nalo ni la zamani. Mwaka 1896, mjini Boston, Fannie Farmer alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza vikombe na vijiko vilivyojazwa na kusawazishwa ukingoni, na tangu hapo vitabu vingi vya Kiingereza vimechukulia kwamba kila jiko lina vyombo vya kipimo hicho. Jikoni Kampala chombo cha kupimia mara nyingi ni tumpeco, kikombe kikubwa cha kunywea kinachopatikana karibu kila nyumba, na sokoni nyanya huuzwa kwa fungu, nazo ndizi huuzwa kwa mkungu. Mpishi aliye peke yake hukisia tu. Bali wapishi sita wakikisia kila mmoja kwa namna yake, kisha wakaweka matokeo mezani, makisio yao hugeuka kuwa uchunguzi, na mwisho wa mlo kikundi huweza kuandika kwa uhakika kiasi kinachofaa kwa tumpeco moja ya karanga. Penye wengi pana mengi, na jikoni mengi hayo ndiyo maarifa.

Hakuna chakula kinachoonyesha thamani ya maarifa ya mikono kuliko luwombo, mlo wa heshima wa Buganda, ambao ni nyama, kuku, uyoga au samaki mkavu pamoja na mchuzi wake, mara nyingi wa karanga, uliofungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Masimulizi ya Buganda humtaja Kawuuta, mpishi wa Kabaka (mfalme) Mwanga, kuwa ndiye aliyekibuni mwaka 1887. Kitabu kinaweza kueleza kwa sentensi moja kwamba nyama ifungwe katika jani, lakini kazi yote imo ndani ya sentensi hiyo. Jani huchaguliwa likiwa changa na zima, kwa sababu tundu dogo tu hutosha kumwaga mchuzi. Huanikwa kidogo na kupitishwa juu ya moshi mpaka linyauke na kulainika. Mshipa mnene wa katikati hukwanguliwa kwa kisu upande wa nyuma, polepole, mpaka ulingane na sehemu nyingine za jani. Ukiachwa mnene, jani litapasuka linapokunjwa, na ukikwanguliwa kupita kiasi, litatoboka. Kisha jani hutandikwa ndani ya bakuli ili lishike umbo, nyama iliyobanikwa au kukaushwa kwa moshi huwekwa, mchuzi humiminwa, kingo hukusanywa juu na kufungwa kwa byayi, nyuzi za magamba makavu ya mgomba. Vifurushi hupangwa juu ya vikonyo vya majani vilivyotandikwa chini ya sufuria ili maji yasiviguse, hufunikwa kwa majani mengine na kuachwa kwa saa kadhaa juu ya moto mdogo.

Mtu akisoma maelezo hayo peke yake atayaelewa yote na bado hatajua unene gani wa mshipa unatosha. Akikaa karibu na mwenzake anayejua, atashika jani, atalikunja, atasikia kidoleni pale linapokataa, na jibu atalipata kwa dakika moja. Hiyo ndiyo sababu klabu inayofaa haiishii katika kila mwanachama kupika kwake na kuleta bakuli lililofunikwa. Angalau mara moja moja hupika mahali pamoja, kuanzia kumenya hadi kupakua, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundi hupotea chakula kikishaiva.

Kampala ina mfano mzito wa watu kujifunza pishi jipya kwa pamoja, nao haukuanzia katika starehe. Katika hospitali ya Mulago, katika miaka ya 1960, kilianzishwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu ili kukabiliana na kwashakoo, ugonjwa wa utapiamlo ambao Waganda huuita obwosi, uliowapata watoto walioachishwa kunyonya na kulishwa vyakula vyenye protini kidogo. Badala ya kutegemea dawa peke yake, kituo hicho kiliwafundisha akina mama kupika kitobero, chakula cha mtoto kinachochanganya ndizi au viazi na maharage, karanga, samaki au chakula kingine cha kujenga mwili, kikifungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Uzuri wa pishi hilo ni kwamba kifurushi cha mtoto kiliweza kuwekwa katika sufuria ileile inayopika chakula cha familia, bila kuni za ziada wala chombo kipya. Akina mama walipika pamoja, walishuhudia watoto wakirudiwa na afya kwa chakula hicho, na walirudi nyumbani wakiwa na ujuzi wa kuwaonyesha majirani. Funzo lake kwa klabu yoyote ya mapishi ni wazi: pishi jipya hushika mizizi pale linapopandikizwa kwenye mazoea yaliyopo, na mtu huliamini alilolipika kwa mkono wake na kuona matokeo yake mbele ya mashahidi.

Kampala ya leo hukusanya watu wa makabila yote ya nchi, na kila mmoja amekuja na chakula chake. Kutoka miteremko ya Mlima Elgon huja malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hupikwa kwa karanga. Kutoka Acholi huja malakwang, mboga ya majani yenye uchachu inayoungwa kwa odii, yaani karanga na ufuta vilivyosagwa. Kutoka Tooro huja firinda, maharage yaliyolowekwa, yakamenywa maganda na kupikwa mpaka yakawa rojo, kisha yakatiwa samli. Kutoka Ankole huja eshabwe, kitoweo kisichopikwa motoni, bali samli hupigwa pamoja na maji baridi na maji ya chumvi ya mawe yaliyochujwa, mpaka ipoteze umanjano wake na kuwa nyeupe na nyororo. Kipimo cha eshabwe ni jicho na mkono: chumvi ikizidi, ladha huharibika, na samli isipopigwa vya kutosha, hujitenga na maji. Mwanachama kutoka Mbarara akiongoza wenzake kupiga samli hiyo, naye kutoka Mbale akawaonyesha malewa hulowekwa kwa muda gani, kila mmoja huwa mwalimu leo na mwanafunzi kesho, na heshima huzunguka mezani pamoja na sahani. Jiko la namna hiyo halina sababu ya kuwafungia wanaume nje, kwani masimulizi yaleyale ya luwombo humsifu mwanamume wa ikulu.

Vitabu vya kuanzia vipo. Fountain Publishers, wachapishaji wa Kampala, walitoa *Taste of Uganda* cha Jolly Gonahasa, kinachokusanya mapishi ya asili ya nchi. Yasmin Alibhai-Brown, aliyezaliwa Kampala mwaka 1949 katika jamii ya Waasia ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972, aliandika *The Settler's Cookbook*, kitabu kinachochanganya kumbukumbu za maisha na mapishi ya jamii iliyotawanyika; kukipika leo katika mji ambao chapati zake hukandwa na kuviringishwa pamoja na mayai barabarani Wandegeya ni kutambua deni ambalo historia imeliacha jikoni. Hawa Hassan na Julia Turshen, katika *In Bibi's Kitchen* cha mwaka 2020, walikusanya mapishi ya akina nyanya kutoka nchi 8 za Afrika zenye pwani upande wa mashariki, zikiwemo Kenya na Tanzania. Uganda, kwa kukosa pwani, haimo, na nafasi hiyo ni mwaliko kwa wapishi wa Kampala.

Taratibu za kuanzisha klabu si nyingi. Watu 6 hadi 10 wanatosha, kwa kuwa wakizidi hapo jiko hubana na mazungumzo hugawanyika. Nakala moja ya kitabu inaweza kuzungushwa kwa zamu, na gharama za sokoni zikagawanywa sawa ili asiye na kipato kikubwa asijitenge kwa aibu. Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba pishi lipikwe kwanza kama lilivyoandikwa, kadiri vifaa vinavyoruhusu, ndipo libadilishwe mara ya pili. Anayebadilisha mapema hawezi kujua kama kasoro ni ya mwandishi au ni yake mwenyewe. Daftari la klabu liandike aina ya ndizi au maharage yaliyotumika, aina ya jiko, muda halisi wa kuiva, idadi ya watu walioshiba na bei ya mahitaji. Nao wanaoonja wazoee kusema kwa adabu na bila kuficha, wakieleza chakula kimepungukiwa nini, kwa maana sifa tupu hazimsaidii mpishi.

Daftari hilo, likitunzwa vizuri, ni mwanzo wa kitabu. Kampala inajua namna kazi ya maandishi inavyokomaa mikononi mwa wenzi: FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, kimekuza waandishi wengi kwa mikutano ya kusomeana miswada na kukosoana, na vitabu vyao vimevuka mipaka ya nchi. Mapishi yanastahili uangalifu uleule, kwa kuwa nayo ni maandishi yanayomhusu msomaji asiyemjua mwandishi. Elimu ya mama anayejua kukwangua mshipa wa jani, au ya mzee anayejua samli ya eshabwe imepigwa ikatosha, haitadumu kwa sababu tu inapendwa. Itadumu ikiwa kuna watu waliokaa naye, wakapika, wakakosea mbele yake, wakarekebishwa, kisha wakaandika kwa usahihi unaomwezesha mgeni wa Gulu au wa Zanzibar kupika chakula hicho na kufanikiwa. Kikundi kinachofanya kazi hiyo mwezi baada ya mwezi kinawalisha wanachama wake, na papo hapo kinaiandikia Uganda sehemu ya historia yake ambayo wanahistoria, wakiwa peke yao, hawawezi kuiandika.