Rudi, Rudisha na Juu: Uhakiki wa Istilahi za Vitufe vya Simu

Istilahi nyingi zinazojadiliwa na watu wa kazi yetu ni za vitabuni: za sheria, za sayansi, za utawala. Msomaji wake huwa na sentensi nzima mbele yake, na neno likimtatiza hulipima kwa maneno jirani mpaka maana ijitokeze. Leo tunakusudia kuzungumzia maneno yasiyo na jirani. Ni maneno yanayoandikwa juu ya vitufe vya programu za simu za mkononi, hasa kile kitufe kidogo kilichopo pembeni mwa upau wa juu, chenye mshale unaoelekea kushoto, ambacho humtoa mtumiaji katika ukurasa alipo na kumpeleka alikotoka. Ni neno moja tu. Lakini likikosewa, hakuna sentensi ya kulisahihisha, na mtumiaji hubaki akibahatisha.

Sababu ya kuliandikia jambo hili tuliipata Kahe, katika uwanda ulio chini ya mji wa Moshi. Huko tulionyeshwa programu moja ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima: kutazama bei za mazao, kuagiza mbegu na kulipa. Hatutaitaja jina, kwa kuwa makosa yake si yake peke yake. Programu hiyo imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hilo walioitengeneza wanastahili pongezi. Hata hivyo, mshale ule ule mmoja ulikuwa umepewa majina manne. Katika ukurasa wa usajili uliitwa "Nyuma". Katika ukurasa wa bei, "Rudi". Katika ukurasa wa taarifa, "Nenda juu". Na katika ukurasa wa malipo, "Rudisha".

Mama mmoja, mkulima wa mpunga, alikuwa ametuma fedha kwa mwuza mbegu, kisha akatambua kwamba amekosea tarakimu moja ya namba. Akatazama kioo cha simu, akaona neno "Rudisha", akalibonyeza. Ukurasa ukabadilika, na kile kiasi alichokiandika kikaonekana tena mahali pake. Akaridhika kwamba fedha zimerudi. Akasahihisha namba, akatuma mara ya pili. Kumbe zile za kwanza zilikuwa zimekwisha kwenda kwa mtu asiyemjua. Tulipomwuliza kwa nini hakumwita mtu amsaidie, alitujibu: "Mwanangu, mimi nilisoma. Kimeandikwa rudisha, nami nikarudisha."

Jibu hilo halina kasoro. Mama yule alikijua Kiswahili chake barabara. Aliyekosa ni mfasiri. Kiambishi cha kusababisha katika "rudisha" hudai kitendwa: mtu hurudisha kitu. Kitendwa kisipotajwa, akili ya msomaji hukitafuta, na katika ukurasa wa malipo haitapata kingine ila fedha. Yamkini mfasiri aliletewa orodha ya maneno ya Kiingereza bila picha za kurasa, akafasiri kila neno peke yake, leo hivi, kesho vile. Ndivyo kazi hizi zinavyofanywa mara nyingi, na ndiyo maana tunaona haja ya kueleza kwanza kitufe chenyewe hufanya nini.

Yafaa ieleweke kwamba kuna kurudi kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kufuata nyayo: mtumiaji hupelekwa kwenye ukurasa aliokuwa akiutazama kabla ya huu, uwao wowote. Namna ya pili ni kufuata mpango wa programu yenyewe: mtumiaji hupelekwa kwenye ukurasa mkuu ambao huu ni tawi lake, hata kama hakuupitia. Simu za kwanza za Android, zilizotoka mwaka 2008, zilikuwa na kitufe cha kurudi katika mwili wa simu. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa nacho, bali iliweka mshale katika upau wa juu wa kila programu. Mwaka 2011 Android nayo ikaongeza mshale katika upau wa juu, na ikaupa kazi ile ya pili, kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "juu". Tangu mwaka 2014 kile kitufe cha mfumo kikachorwa kama pembetatu chini ya kioo, na tangu mwaka 2019 simu nyingi zimekiondoa kabisa, mtumiaji akitelezesha kidole tu kutoka ukingoni.

Mfano ulio karibu na wasomaji wetu ni Kahe penyewe. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na kupitia hapo. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiunganisha na reli yao itokayo Voi kupitia Taveta, makutano yakawa Kahe. Abiria aliyetoka Taveta akishuka Kahe, ukimwambia "rudi", atarudi Taveta. Ukimwambia aende kwenye mji mkuu wa eneo lile, atapanda treni ya Moshi, ingawa hakutokea Moshi. Ndivyo ilivyo kwa mkulima anayepokea ujumbe wa bei, akaubonyeza na kuingizwa moja kwa moja katikati ya programu. Kurudi ni kuuendea ujumbe. Kwenda kwenye ukurasa mkuu ni safari nyingine. Mambo mawili hayawezi kubeba jina moja, wala jambo moja halifai kubeba majina manne.

Sasa na tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine.

"Nyuma" ni fupi, nalo limeenea. Lakini ni neno la mahali, si la tendo. Programu nyingi za fedha humtaka mteja apige picha ya kitambulisho chake, upande wa mbele na upande wa nyuma. Katika ukurasa huo, "Nyuma" ya kitambulisho na "Nyuma" ya mshale hukaa pamoja, na mtu anayetaka kupiga picha ya upande wa pili hujikuta ametoka nje ya usajili. Tumeliona jambo hilo kwa macho yetu katika programu hiyo hiyo ya Kahe. Ubaya huo huo unalipata neno "Mbele" linapotumiwa kwa maana ya kuendelea. Afadhali kusema "Endelea".

"Rejea" ni neno lenye heshima, na mwandishi mwenye mapenzi ya lugha angependa kulichagua. Tatizo ni kwamba watumishi wa serikali na walimu wamekwisha kulizoea kwa kazi nyingine. Barua za ofisini huanza kwa kumtaka msomaji arejee barua fulani yenye kumbukumbu namba fulani, na vitabu huwa na orodha ya marejeo. Mtumishi akiona kitufe cha "Rejea" atatarajia kuonyeshwa waraka.

"Nenda juu" ni tafsiri ya neno kwa neno, na pale Kahe upungufu wake ni dhahiri kuliko pengine popote. Kwa watu wa uwandani, "juu" ni mlimani: ni Kibosho, ni Marangu, ni kule kwenye migomba na kahawa, na "chini" ni kwao wenyewe. Hata penye tambarare tupu, mtu anayesoma ukurasa mrefu na kuona "Nenda juu" atadhani anapelekwa kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa ule ule. Dhana ya kwamba kurasa zimepangwa kwa ngazi, mkuu akiwa juu, ni ya mtengenezaji wa programu, mtumiaji haioni. Mtumiaji haelezwi ngazi. Hutajiwa mahali anapokwenda. Basi na iandikwe "Mwanzo", au jina lenyewe la ukurasa mkuu: "Bei", "Mbegu", "Malipo".

Linabaki "Rudi". Neno hili lina maana zaidi ya moja: nguo ikifuliwa hurudi, na mzazi humrudi mtoto wake. Lakini maana hizo haziwezi kuingia hapa, maana hapa hapana nguo wala mtoto. Wako wanaolilaumu kwa sababu nyingine, kwamba ni amri, na si adabu kumwamuru mtu mzima. Hoja hii yastahili jibu. Katika kitufe, anayeamuru si simu, bali ni mtu. Anapobonyeza "Tuma", yeye ndiye anayeiambia simu itume. "Hifadhi" na "Futa" vivyo hivyo. Amri inatoka kwa mwenye simu, na heshima yake haikupunguzwa hata kidogo. Kwa hiyo tunaona "Rudi" ndilo neno bora kwa namna ya kwanza ya kurudi: ni tendo, halihitaji kitendwa, na lina herufi nne tu.

Ufupi si jambo dogo. Menyu ya huduma za fedha inayofunguliwa kwa nyota na alama ya reli, ambayo hutumika hata katika simu ndogo za vitufe, haizidi herufi 182 kwa ukurasa mmoja. Kila herufi inayotumika kwa kurudi inapungua katika kueleza huduma. Kwa upande wa iPhone, mshale wa upau wa juu kwa kawaida huandikiwa jina la ukurasa uliotangulia. Jina hilo likiwa refu kupita nafasi, huwekwa neno la jumla lenye maana ya kurudi; nalo lisipotosha, hubaki mshale peke yake. Mfumo wa simu usipokuwa na Kiswahili, neno hilo la jumla hutokea kwa Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili, isipokuwa mtengenezaji ameliandika la kwake. Hapo ndipo uhuru wa mtengenezaji wa kukibadili kitufe unapokuwa na faida, na hapo ndipo mfasiri anapopaswa kuulizwa mapema.

Tukirudi kwa mama yule, alichokitaka hakikuwa kurudi, bali kutangua alichokwisha kukitenda. Kwa dhana hiyo Kiswahili kinalo neno zuri ambalo tayari linatumika katika programu za kompyuta na simu: "tendua". Limeundwa kwa kanuni ile ile inayotupa funga na fungua, ziba na zibua. Mtu asiyewahi kulisikia huweza kulielewa kwa kulitazama, na hiyo ni sifa ya istilahi njema. Kwa mtu anayeacha jambo kabla halijakamilika, "Ghairi" linatosha, kwa kuwa kughairi ni kubadili nia. Na fedha zinaporudi kwa mwenyewe, hapo ndipo "rudisha" liwe na kazi, tena likiandamana na kitendwa chake: "Rudisha fedha". Mahali ambapo fedha haziwezi kurudishwa, neno hilo lisionekane kamwe.

Kuhusu majina ya vyombo vyenyewe hatuna ugomvi mkubwa. "Kitufe" kimeshinda, ingawa tufe ni kitu cha mviringo na vitufe vya kioo ni bapa; "kifungo" kisingefaa, maana wengine wangekumbuka shati na wengine gereza. "Upau" umechaguliwa vema, kwani kila aliyejenga nyumba ya makuti au ya nyasi anazijua pau zinazolazwa na kufungwa juu ya paa. "Upau wa urambazaji", hata hivyo, unatuelemea. Ni istilahi ya wataalamu na ibaki katika vitabu vyao. Katika maelezo kwa mtumiaji inatosha kusema "upau wa juu" na "upau wa chini".

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya mabishano haya, ikiwa mshale unaeleweka na kila mtu bila neno lolote? Swali hili tumeulizwa mara nyingi. Jibu letu ni kwamba si kila mtu anauona mshale. Simu za leo zina programu za kuwasomea kwa sauti watu wasioona, na kitufe kisicho na maandishi huwa na neno lililofichwa nyuma yake, ambalo ndilo husomwa. Mtengenezaji akiubadili mshale kwa picha yake mwenyewe na kusahau neno hilo, asiyeona hutajiwa "kitufe" tu, bila kujua cha nini. Kwa mtu huyo neno si pambo la mshale. Neno ndilo mshale.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

(a) "Rudi" litumike kwa kurudi katika ukurasa uliotangulia, popote na daima, pamoja na lile neno lililofichwa nyuma ya mshale;

(b) kwenda kwenye ukurasa mkuu kutajwe kwa "Mwanzo" au kwa jina la ukurasa wenyewe, wala si kwa "juu";

(c) "Tendua", "Ghairi" na "Rudisha fedha" yatengwe, kila moja na kazi yake;

(d) mfasiri asipewe orodha ya maneno bila picha za kurasa, na kazi yake ijaribiwe na watumiaji kabla ya kutolewa.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wakati ambapo kazi kubwa ilikuwa kuzipatia ofisi na mahakama maneno ya kufanyia kazi. Ofisi ya leo imo kiganjani mwa mkulima, na msamiati wake ni wa maneno mafupi yasiyo na maelezo. Tukiyaacha yachaguliwe ovyo, gharama haitalipwa na mfasiri wala na mtengenezaji. Italipwa, kama tulivyoona, na msomaji mwema aliyeliamini neno kama lilivyoandikwa. Wasomaji walio na maoni tofauti, hasa walimu na wafasiri walio karibu na watumiaji wa vijijini, tunawaomba wayalete, ili istilahi hizi zijadiliwe kabla hazijazoeleka vibaya.