Pongezi kwa mwenye reflekta

Alfajiri vibarua wa mtaa wa Kiandutu hutoka kwa miguu kwenda viwandani Thika, na wengi huwaza malipo ya siku, si masikio yao. Wa kuyawazia masikio yupo: afisa wa usalama kazini.

Mtazame na reflekta yake kando ya mashine, kipima kelele mkononi, tarakimu zikipanda kwenye kioo. Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Zikizidi, msimamizi wa kusema "mtazoea tu" hana la kujitetea. (Kelele haizoeleki, masikio ndiyo hufa.) Waya uliochubuka nao unapigwa picha kwa simu na kutumwa papo hapo kwa kamati ya usalama, ambayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaidai popote penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Ila simu haina ujasiri. Kumwambia meneja azime mashine oda ikisubiriwa kunataka mtu, tena mtu anayelipwa na meneja huyohuyo. Sheria hiyo ya 2007 pia inamzuia mwajiri kumrudisha mfanyakazi penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Kibarua mgeni atayajulia wapi hayo? Kwa afisa huyu, kabla zamu haijaanza.