Falanga ya Babeleji haikukufa tarehe 30 Juni

Bandugu, mu karatasi za masomo na mu liste za bale wanaokusanya feza za zamani, mustari njo ule ule: "Falanga ya Congo Belge, 1908–1960." Ni mufupi, unaingia mbio mu kichwa. Lakini unapima maisha ya feza na kipimo cha bendera.

Tutazame mwanzo. Sarafu za falanga zenye jina la Léopold II ziko na mwaka 1887, wakati inchi ilikuwa ingali État Indépendant. Mu 1908 Ubeleji ilichukua inchi, na falanga iliendelea. Banque du Congo Belge ilianzishwa 1909, noti zake za kwanza zilitoka 1912. Basi mwanzo ni gani? Kama unauliza chuma, 1887. Kama unauliza banki, 1909. Kama unauliza karatasi, 1912. Ile 1908 haijibu hata moja.

Na mwisho njo mubaya zaidi. Tarehe 30 Juni 1960, noti za Banque Centrale du Congo Belge et du Ruanda-Urundi hazikugeuka karatasi ya bure. Watu waliendelea kuuzia nazo unga. Kiisha noti zikabadilika, lakini hesabu ilibakia ya falanga paka 24 Juni 1967, zaïre ilipoingia: zaïre 1 kwa falanga 1 000.

Kwetu huku Katanga kuko kipande kingine kinachosahauliwa. Kiisha Tshombe kutangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, Banque Nationale du Katanga ilitoa noti zake, na mu 1961 sarafu zenye ndizi na kroazeti, ule musalaba wa shaba. Kolwezi njo ilikuwa muji wa mwisho wa Tshombe. Jeshi la ONU liliingia humu Januari 1963. Mu "1908–1960", falanga ile inakaa wapi?

Hii si mambo ya kuchezea tarehe. Muzee wa Kapata akikuambia alilipwa falanga mu 1966, musimusahihishe. Yeye njo iko na haki. Barua ya mahari ya 1966 yenye falanga si ya uongo. Ile ya 1962 iliyoandikwa Kolwezi, inaomba kwanza uulize: falanga ya nani, ya Katanga ao ya Léopoldville? Na tena, falanga tunayolipia leo ilianza 1998. Jina ni moja, feza si moja.

Kwa hiyo, bale wanaoandika mémoire mwaka huu: musitie tarehe mbili tu. Semeni nani alitoa feza, hesabu yake ilibadilishwa siku gani, na kwa kiasi gani. Kiisha muende kwa bazee, mubaombe watoe ile karatasi mu sanduku, musome jina la banki mbele ya kusoma mwaka.