Anayetafuta Maji Yalikoingilia

Fundi umeme wa magari anayeletewa taa ya mbele yenye ukungu ndani hastahili sifa kwa kuikausha; jua la mchana linaiweza kazi hiyo. Anastahili sifa kwa kuuliza kwanza unyevu umeingilia wapi. Taa nyingi za gari hazikuzibwa kabisa. Zina vitundu vya kupumulia, kwa sababu hewa ya ndani hutanuka balbu inapowaka na kusinyaa inapozimwa. Kwa hiyo ukungu mwembamba baada ya mvua, unaotoweka taa ikiwashwa kwa muda, kwa kawaida si ubovu, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo, ingawa kauli hiyo haimwingizii kitu. Matone mazito au maji yaliyotuama chini ndiyo kesi. Hapo hukagua kifuniko cha nyuma, mpira wa balbu uliokakamaa, kitundu kilichojaa tope, ufa mwembamba karibu na skrubu. Asipoona kitu, huing'oa taa, huziba matundu yake, huizamisha kwenye beseni na kupuliza hewa taratibu, akingoja mapovu.

Wapo wasemao kuipaka silikoni taa nzima kungetosha. Kungetosha kuufungia unyevu ndani: kitundu kikizibwa, mvuke hauna pa kutokea, kiakisi mwanga hubabuka, soketi hushika kutu, na mwanga hufifia polepole hadi dereva wa usiku adhani macho yake ndiyo yamechoka. Ukimpata fundi anayetafuta kwanza ndipo ashike gundi, usimpunje malipo yake.