Injini ya kikombe: kifaa kinachofundisha zaidi kikisimama

Robert Stirling, mchungaji wa Uskoti, alipata hataza ya injini yake ya hewa mwaka 1816, na hadi leo wanafunzi wa uhandisi huitengeneza ili kujifunza thamodinamiki. Wengi huchagua ile ya moto wa spiriti kwa sababu huzunguka kwa kasi na kupendeza macho. Kwa darasa, naipa alama za juu ile ya polepole. Ivo Kolin wa Chuo Kikuu cha Zagreb aliionesha mwaka 1983, kisha James Senft wa Wisconsin, Marekani, akaiboresha. Kikombe cha maji moto kinatosha kuiendesha.

Umbo lake ni mabati mawili ya alumini, moja chini na jingine juu, yaliyotenganishwa na pete ya plastiki. Alumini hupitisha joto upesi, plastiki hulizuia. Pete ikiwa ya chuma, joto hupanda ukutani bila kupitia kwenye hewa, na bati la juu hupata moto mapema. Ndani yake kisahani chepesi cha sponji ngumu hupanda na kushuka bila kugusa ukuta. Kazi yake ni kuihamisha hewa tu: kikipanda, hewa hushuka kwenye bati la moto, hutanuka na kuisukuma pistoni, kikishuka, hewa hupoa na pistoni hurudi. Kisahani hutangulia pistoni kwa robo mzunguko, na flaiwili, yaani gurudumu zito, huvusha mwendo pale nguvu inapokatika.

Ugumu uko kwenye msuguano. Bati la chini likiwa na nyuzi 80 za Selsiasi na la juu 30, kanuni ya Carnot ya kikomo cha ufanisi inagawanya tofauti ya 50 kwa halijoto ya bati la chini, yaani kelvini 353: ufanisi hauwezi kuzidi asilimia 14, na injini halisi hupata sehemu ndogo tu ya hiyo. Ndiyo maana pistoni ya grafiti huwekwa kavu ndani ya silinda ya kioo. Mnato wa mafuta pekee unaweza kuisimamisha.

Ukilifunika bati la juu kwa kitambaa, injini husimama ingawa maji bado ni ya moto. Ukiiweka juu ya barafu, huzunguka kinyume. Kumbe kinachoiendesha ni tofauti ya halijoto, na lazima joto lipate pa kutokea, kama sheria ya pili ya thamodinamiki inavyodai.

Basi anayeitengenezea shule aweke vipimajoto viwili, kimoja kwa kila bati. Bila hivyo, wanafunzi wataona gurudumu likizunguka, na sheria hiyo ya pili itawapita.